Dosari ya Picha Itibiwe Katika Asili Yake

Miongoni mwa kazi zifanywazo na vijana wa Machakos waliosomea kompyuta, hakuna iliyo ndogo machoni pa watu, wala hakuna, kwa rai yangu, istahiliyo hadhi zaidi, kuliko ile ya kuketi mbele ya kioo na kuchunguza ni kwa nini picha iliyo sahihi ndani ya faili huonekana si sahihi machoni. Kazi hiyo haina zawadi wala hafla, na mara nyingi hata mwajiri hajui kuwa imefanywa. Nami nasema kwamba kijana wetu akutanapo na dosari ya namna hiyo asiridhike kuifunika katika programu yake peke yake, bali aifuate mpaka katika kiunzi kilichoizaa, airekebishe huko, na vyuo vyetu pamoja na serikali ya kaunti wamhesabie kazi hiyo kuwa kazi.

Yafaa kwanza nieleze kiunzi ni nini kwa wasiokijua. Mtu atungaye programu ya kusajili wanachama wa ushirika wa kahawa kule Kangundo haandiki upya elimu yote ya kufungua dirisha, kuchora kitufe na kuonyesha uso wa mkulima katika kioo cha kompyuta. Hukiagiza kiunzi, ambacho ni hazina kubwa ya kazi hizo zilizokwisha kuandikwa na wengine, nacho huzungumza na Windows, na macOS, na Linux, kila mmoja kwa desturi yake, hata programu moja ikatumika katika mashine za kila aina. Qt, kilichoasisiwa na Wanorwei wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, kikatolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1995, ni miongoni mwa vikongwe vya jamaa hiyo. Electron kilizaliwa mwaka 2013 katika kampuni ya GitHub, nacho hubeba ndani yake kivinjari kizima cha Chromium. Na Flutter cha Google, kilichoanzia katika simu, kimekwisha kuhamia pia katika kompyuta za mezani. Kwa nchi isiyo na fedha za kutunga programu moja mara tatu, faida ya viunzi hivyo ni dhahiri. Lakini faida hiyo ina sharti lake, nalo ni kwamba dosari iliyomo ndani ya kiunzi huwa dosari ya wote wakitumiao, ijapokuwa kila mmoja wao hudhani ni ya kwake.

Tuitazame iliyo mashuhuri kuliko zote, ile ya picha kulala ubavu. Kipokea nuru kilichomo ndani ya simu kimelazwa upande, na mtu apigapo picha hali ameisimamisha simu, aghalabu simu hiyo haizungushi picha yenyewe, bali huihifadhi kama ilivyoipokea, kisha huandika kando yake tarakimu moja tu, kati ya 1 na 8, kwa mujibu wa kanuni iitwayo Exif iliyotolewa Japani mwaka 1995. Tarakimu 6, kwa mfano, yamwambia atakayeionyesha picha aizungushe kwanza robo ya duara kufuata mwendo wa akrabu za saa. Kiunzi kisichoisoma tarakimu hiyo humlaza mkulima wa Kangundo ubavu katika daftari la ushirika, na karani, asiyejua lolote la Exif, huamini kuwa mpiga picha amekosa ustadi. Qt kilipofika toleo la 5.5, mwaka 2015, kiliweka njia ya kuifuata alama hiyo, ila njia hiyo hailetwi kazini mpaka mtunga programu aiamrishe. Na kivinjari cha Chrome, ambacho msingi wake ni Chromium, hakikuanza kuifuata alama hiyo kwa desturi katika picha za kurasa mpaka mwaka 2020, nazo programu za Electron, kwa kuwa hubeba Chromium matumboni mwake, zikafuata mwendo uleule kadiri zilivyopata matoleo mapya.

Hapo ndipo hatari ya kufunika dosari badala ya kuitibu ilipodhihirika. Watunga programu wengi, kwa kuchoka kungoja, walikuwa wameandika wao wenyewe amri ya kuizungusha picha kila waonapo tarakimu 6. Basi kiunzi kiliporekebishwa, picha ilizungushwa na kiunzi mara ya kwanza, ikazungushwa tena na programu mara ya pili, na yule aliyekuwa amelala ubavu mmoja akalazwa ubavu wa pili. Dawa iliyowekwa pasipo mahali pake ikawa ndiyo maradhi. Wala lawama haikuwa ya aliyekirekebisha kiunzi. Ilikuwa ya miaka mingi ambayo maelfu ya watu, kila mtu peke yake na kila mtu kimyakimya, walipitia katika msimbo wao wakiufunga ufa uleule bila ya kumwambia mwenye nyumba.

Zipo dosari nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. Windows kwa asili hupanga rangi za picha kwa kutanguliza buluu, kisha kijani, kisha nyekundu, ilhali maktaba nyingi za picha hutanguliza nyekundu. Kiunzi kikighafilika katika kupeleka picha kutoka mpango mmoja kwenda wa pili, uso wa kahawia hugeuka rangi ya samawati, na udongo mwekundu wa milima ya Mua na Iveti huonekana kama bahari. Dosari kama hiyo hujitangaza yenyewe na haidumu sana. Kadhalika nembo ya shule iliyochorwa kwa ukubwa mmoja huwa na ukungu katika kompyuta ambayo mwenyewe ameamuru vitu vikuzwe kwa asilimia 125 au 150, kwa kuwa nukta moja ya picha hailingani tena na idadi kamili ya nukta za kioo, na kiunzi hulazimika kukisia.

Iliyo mbaya zaidi ni ile isiyojitangaza. Mtu aingiaye katika studio ya picha karibu na kituo cha magari hapa mjini, akitaka picha ya pasipoti au ya kitambulisho cha shule, hupigwa mbele ya ukuta wowote ule, kisha fundi humkata kutoka katika ukuta huo kwa programu yake na kumweka juu ya rangi nyeupe. Picha hiyo ikishapunguzwa ukubwa, huzuka mara nyingi utando mwembamba wa kijivu kuzunguka masikio, mabega na ukosi wa shati. Fundi huusugua kwa panya ya kompyuta, nukta kwa nukta, kwa kila mtoto wa darasa zima, akiamini kuwa mkono wake ndio uliotetemeka katika kukata. Mkono wake haukutetemeka. Hesabu ndiyo iliyokosewa. Sehemu iliyokatwa ikawa tupu haikuachwa bila rangi yoyote, kwani ndani ya faili kila nukta sharti iwe na rangi, hata ile isiyoonekana, na rangi ya nukta tupu aghalabu ni nyeusi, yaani sifuri. Kiunzi kikipunguza picha huchanganya nukta jirani na kutafuta wastani wake. Chukua nukta moja ya ukosi mweupe yenye kiasi cha 240, na jirani yake iliyo tupu yenye sifuri: kiunzi kizembe hupata wastani wa 120, kikaihesabu nukta hiyo kuwa nusu tupu, na iwekwapo juu ya karatasi nyeupe ya 255 hutoka takriban 188, yaani kijivu. Kiunzi kilichotungwa kwa insafu hukizidisha kwanza kila kiasi cha rangi kwa kadiri ya kuonekana kwa nukta yake, hata weusi wa nukta isiyoonekana usipewe sauti katika shauri, na jibu likawa takriban 248, yaani nyeupe kama shati lenyewe. Tafauti ya 188 na 248 ndiyo jasho la fundi siku nzima. Nayo huondolewa kwa mistari michache ya msimbo, ikiandikwa mahali panapostahili, yaani ndani ya kiunzi, na si katika studio.

Wazee wa Ukambani wanaijua kanuni hii kwa namna iliyo wazi kuliko niwezavyo kuieleza mimi. Mwaka 1937 ofisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa ya kuhuzunisha juu ya mmomonyoko wa ardhi katika Machakos. Na waliokuwa na mashamba mabondeni walitambua kuwa haifai kitu mtu kuziba korongo katika shamba lake ikiwa maji yanaachwa yateremke kwa nguvu kutoka shamba la juu. Ndipo vikundi vya mwethya, ambavyo wanawake walikuwa uti wa mgongo wake, vilipopanda mlimani kwa zamu vikichimba mitaro na kutupa udongo upande wa juu, katika mtindo ujulikanao mpaka leo kwa jina la fanya juu, shamba la huyu leo na la yule kesho, wala hapana aliyeuliza kwa nini atokwe jasho katika shamba lisilo lake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kuwa watu wa wilaya hiyo walitoka takriban 240,000 mwaka 1932 wakafika karibu 1,400,000 mwaka 1989, na hata hivyo ardhi ilikuwa na hali bora kuliko hapo awali. Kiunzi cha programu ni mlima wa namna hiyo: aliyeko juu akizembea, walioko chini wote watachimba bila kikomo.

Tena kitabu hicho kina jambo jingine linalotuhusu. Sehemu ya ushahidi wake ni picha: milima iliyopigwa picha mwaka 1937, ikiwa mitupu yenye makovu, ikawekwa kando ya picha za mahali palepale zilizopigwa zaidi ya miaka 50 baadaye, zikiwa na miti na matuta. Hoja nzima juu ya watu na ardhi yao ilitegemea kwamba msomaji anaona kilichokuwako. Leo kazi hiyo ya kulinganisha hufanywa katika kompyuta, na programu itumikayo sana ni QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ya bure, iendayo katika Windows, macOS na Linux, nayo imejengwa juu ya Qt. Ofisa wa mipango hafungui faili la picha ya setilaiti na kusoma tarakimu zake. Hutazama kioo, na akionacho ndicho anachokiandika katika taarifa. Ikiwa nukta zisizo na habari, ambazo sharti zionekane tupu, zimechorwa kuwa nyeusi, au ikiwa kiasi cha kijani kimevutwa kupita kadiri katika mashine moja na kupunguzwa katika nyingine, maofisa wawili wenye faili moja watatofautiana juu ya mlima mmoja, kila mmoja akiapa kwa macho yake. Sidhani kuwa mtu aonaye hivi ataendelea kuiita dosari ya picha kuwa jambo la urembo.

Nataka niwajibu wale wasemao kuwa mambo hayo yatarekebishwa na wenyewe kule Ulaya na Marekani, maadamu ndio waliovitunga viunzi. Lorna Roth, mwanachuoni wa Kanada, aliandika mwaka 2009 juu ya kadi za kupimia rangi zilizotumwa katika maabara za picha kwa miaka mingi, ambazo juu yake aliwekwa mwanamke mweupe, na rangi ya picha ya kila mtu duniani ikasawazishwa kwa ngozi yake. Filamu za Kodak zilikuwa dhaifu katika kupambanua rangi za kahawia, na miongoni mwa waliolalamika mpaka wakasikilizwa walikuwa wenye viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zitofautishwe katika matangazo. Nyuso za watu weusi zikafaidika baadaye, kwa sadfa. Sisemi kuwa waliotunga filamu hizo walikuwa na chuki. Nasema kuwa dosari isiyomuumiza aliyeko karakanani hubaki humo mpaka aumizwaye afike mlangoni na kuionyesha kwa ushahidi. Waliokaa mbali na mlango huo walipigwa picha wakatoka meno na macho tu, katika arusi zao na katika mahafali ya watoto wao, na picha hizo ndizo zilizobaki katika albamu za nyumba nyingi.

Basi afanyeje kijana anayekutana na dosari? Kwanza aitenge. Aachane na programu yake kubwa yenye madirisha mengi, atunge nyingine ya mistari 20 isiyofanya lolote ila kuonyesha picha moja, na picha hiyo iwe ndogo, yenye pembe nne za rangi nne, ili hata mtoto aone pembe ipi imekwenda isikostahili. Pili aitafute siku ilipoingia. Ikiwa matoleo ya zamani yalikuwa salama na ya sasa yana dosari, na kati yake yamepita mabadiliko 1,000, asiyasome yote. Ajaribu la katikati, aone ni nusu ipi yenye ugonjwa, kisha aigawe nusu hiyo tena, na katika majaribio 10 atakuwa ameliweka mkononi badiliko lenyewe, pamoja na jina la aliyeliandika na sababu aliyoitoa. Tatu, na hapa wengi hukosa subira, asiandike dawa kabla hajaandika kipimo, yaani programu ndogo ambayo itashindwa leo na kufaulu baada ya tiba, ikilinganisha picha iliyochorwa na ile iliyo sahihi nukta kwa nukta, katika mifumo yote mitatu. Dawa isiyo na kipimo husahauliwa, na mwaka ujao mtu mwingine mwenye nia njema ataifuta. Kipimo hubaki kikilinda, hata aliyekiandika akiwa ameacha kazi au amekufa. Kisha awaandikie wenye kiunzi kwa adabu na kwa ufupi, awape programu yake ndogo, picha yake, badiliko alilolipata na dawa anayoipendekeza, na akisahihishwa asihamaki.

Kuna wasemao kuwa huku ni kuwafanyia matajiri kazi ya bure, nami siwezi kuipuuza hoja hiyo, kwa kuwa ina haki ndani yake. Kampuni iliyo nyuma ya Qt huuza leseni. Nazo kampuni zilizo nyuma ya Electron na Flutter ni katika zilizo tajiri kuliko zote ulimwenguni. Kijana wa Machakos hununua umeme na intaneti kwa fedha zake, na kukijenga kiunzi kikubwa kutoka msimbo wake wa asili huweza kuishughulisha kompyuta dhaifu kwa saa nyingi. Fauka ya hayo, hawezi kuthibitisha tiba yake katika mifumo mitatu ikiwa hana mashine ya Apple, ambayo bei yake yamzidi mshahara. Basi sitaki aachiwe mzigo huo peke yake kisha asifiwe uzalendo. Si mbali na mji wetu, Konza, katika ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia mnamo Januari 2013. Na mji ulioitwa wa teknolojia, wenye kituo cha taifa cha kuhifadhia data, hautalemewa na chumba kimoja chenye kompyuta za mifumo mitatu, vioo vya ukubwa na msongamano mbalimbali, na mashine moja yenye nguvu ya kujengea viunzi, kikafunguliwa kwa yeyote mwenye dosari ya kuchunguza. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, na vyuo vingine vya jirani, vingeweza kukubali kuwa mwanafunzi ambaye rekebisho lake limepokewa katika kiunzi kitumiwacho na ulimwengu amekwisha kutimiza mradi wake wa mwaka wa mwisho, badala ya kumtaka atunge programu nyingine ya kusimamia maktaba, ambayo haitafunguliwa tena baada ya siku ya mtihani. Rekebisho kama hilo limesomwa na kuhojiwa na wajuzi wasiomjua, nao hawakumpendelea.

Wala tusidhani kuwa Waafrika Mashariki hawajapata kufanya haya. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyonena Kiswahili katika Windows na Linux sawia, nayo haikutungwa upya bali ilitokana na msimbo wa umma uliokuwa wazi kwa kila mwenye bidii. Waliingia katika nyumba ya wote, wakafanya kazi yao humo, na hapana aliyewafungia mlango.

Iwapo chumba hicho kitapatikana, ningependa kazi yake ya kwanza iwe jambo ambalo halihitaji hata ustadi mkubwa wa msimbo. Viunzi hujipima kwa picha za majaribio zilizohifadhiwa pamoja na msimbo wake, na kilichokosekana katika picha hizo hakipimwi. Vijana wetu wakusanye picha zilizopigwa kwa simu zile zile zitumiwazo hapa: nyuso nyeusi katika jua la saa sita na chini ya taa hafifu ya jikoni, wanafunzi wenye mashati meupe mbele ya ukuta, udongo mwekundu wa Mua, vinyago vya mbao vya Wamunyu ambavyo kahawia yake ina vivuli vingi, kila picha kwa idhini ya mwenye uso na kwa maandishi ya kuruhusu itumike bure. Waziandike zote kwa tarakimu nane za mwelekeo, waeleze kwa kila moja inavyostahili kuonekana, kisha wazipeleke kwa wenye Qt, wenye Chromium na wenye Flutter, wakiomba ziingizwe katika vipimo vyao, ili badiliko lolote litakaloharibu sura ya mtu wa Machakos likataliwe na mashine yenyewe kabla halijamfikia.